Diski Hupimwa kwa Kazi: Kasi na Umeme wa Vifaa vya Kuhifadhia Data

(Mhadhara wa wazi kwa mafundi wa kompyuta, wakutubi, maofisa ugavi na wanafunzi. Umechapwa kama ulivyotolewa, pamoja na hesabu zilizoandikwa ubaoni.)

Nawahakikishia kwamba sikuja kuuza kifaa chochote. Nina ubao, chaki na hesabu za kuzidisha na kugawanya.

Watu wanaoagiza seva huuliza swali fupi: diski ipi ina kasi zaidi? Siku hizi, kwa sababu ya bei ya umeme na dizeli ya jenereta, wameliongezea la pili: ipi inakula umeme kidogo? Yote mawili ni maswali halali, lakini kila moja likijibiwa peke yake, jibu hupotosha. Madhumuni ya mhadhara huu ni kuonesha kwamba kinachostahili kupimwa ni umeme unaoliwa mpaka kazi yako ikamilike, pamoja na ule unaoliwa wakati kifaa kinasubiri kazi inayofuata. Nitalieleza hilo kwa hoja tano.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya RAMAC, yenye diski ya kwanza kuuzwa kibiashara: sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, zilizobeba herufi milioni 5, na kufikia taarifa moja kulichukua wastani wa milisekunde 600 hivi. Mnunuzi wa wakati ule hakuwa na cha kulinganisha. Leo mnunuzi hukuta aina tatu mezani. Ipo diski ya sahani, mjukuu wa RAMAC, ambayo bado inazunguka. Ipo SSD ya SATA, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Ipo pia SSD ya NVMe, ambayo kanuni zake za mawasiliano zilitolewa mwaka 2011. Zote tatu zitatunza faili lilelile. Tofauti yao iko katika namna zinavyolifikia, na katika bili.

Hoja ya 1: Kasi haielezwi kwa namba moja

Chukueni diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu yake, milisekunde 4.2, ili data ipite chini yake. Ongezeni milisekunde 8 au 9 za kukisogeza kichwa hicho kwenye mstari unaohusika. Jumla ni kama milisekunde 12.7 kwa ombi moja, yaani maombi 79 hivi kwa sekunde. Kama kila ombi ni la kilobaiti 4, ukubwa wa kawaida kwa hifadhidata nyingi, diski hiyo inatoa kilobaiti 316 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo hutoa megabaiti 200 kwa sekunde bila taabu. Namba mbili za diski moja zimepishana zaidi ya mara 600, na zote mbili ni za kweli.

Kwenye boksi utakuta ile kubwa. Fundi anayeweka kamera za ulinzi, zinazoandika mfululizo, ataiona kasi hiyo. Mhasibu anayefungua daftari la wateja elfu kumi, kila mmoja na taarifa zake mahali tofauti, hataiona.

SSD nazo zina mtego wao. Tangazo la NVMe husema maombi milioni 1 kwa sekunde. Namba hiyo hupatikana kifaa kinapopewa maombi mengi kwa wakati mmoja, kwa foleni ndefu. Mfumo wa zamani wa AHCI, unaotumiwa na SATA, una foleni moja yenye nafasi 32. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Sasa jiulizeni: kompyuta ya ofisini kwenu hupeleka maombi mangapi kwa mpigo? Mara nyingi moja, mbili au tatu. Kusoma seli za flashi, chipu ambamo SSD hutunza data, huchukua makumi ya mikrosekunde, na ukiomba moja moja hata NVMe ya bei kubwa hutoa maombi kati ya 10,000 na 20,000 kwa sekunde, yaani megabaiti 40 hadi 80. Bado ni nyingi kuliko za diski ya sahani, lakini si ile milioni uliyolipia.

Wastani nao unaficha mambo. Maombi 999 yakijibiwa kwa milisekunde 0.1 kila moja, na moja likachukua milisekunde 100, wastani ni milisekunde 0.2. Ripoti itapendeza. Ila ukurasa mmoja wa tovuti ukihitaji maombi mia kadhaa ili ufunguke, kila mara baada ya kurasa chache kutakuwa na mtu anayelaumu mtandao, kumbe mwenye kosa ni diski. Kwa hiyo ripoti nzuri hutaja wastani, kisha ikataja pia lile ombi lililochelewa kuliko mengine katika kila 100 na katika kila 1,000.

Hoja ya 2: Kifaa kipya hakijaonesha tabia yake

Flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini hufutwa bloku kwa bloku, na bloku moja ina kurasa nyingi. SSD ikiwa tupu, kurasa safi ziko tele na kuandika ni rahisi. Ikijaa, kidhibiti kilicho ndani yake hulazimika kuhamisha data iliyo hai kutoka bloku moja hadi nyingine ili kiifute ile ya kwanza, na huku kinaendelea kupokea maandishi yako. Unaandika gigabaiti 1, ndani zinaandikwa 2 au 3. Kasi inashuka na umeme unapanda.

Jambo la pili ni akiba ya haraka. SSD nyingi za bei nafuu hutunza biti 3 au 4 katika kila seli, na kuandika namna hiyo ni kazi ya polepole. Mtengenezaji hutenga sehemu ya seli ziandikwe biti 1 tu, na data yako hupokelewa hapo kwanza. Jaribio la gigabaiti 1, ambalo ndilo linalopendwa na programu nyingi za bure, huisha kabla akiba hiyo haijajaa. Hamisha gigabaiti 300 za video, utaona kasi ikiporomoka njiani, na kwa baadhi ya vifaa vya biti 4 ikashuka chini ya ile ya diski ya sahani.

Dawa inajulikana. Jumuiya ya SNIA, inayounganisha wenye viwanda vya hifadhi ya data, ina utaratibu wa kupima SSD unaotaka kifaa kisafishwe, kisha kiandikwe chote mara mbili, kisha kazi ya jaribio irudiwe raundi kwa raundi mpaka matokeo ya raundi tano mfululizo yatulie ndani ya mipaka iliyowekwa. Hapo ndipo namba inaandikwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na ndiyo maana wanaoifanya ni wachache.

Naona mwanafunzi pale ameinua mkono. Unauliza kama haitoshi kusoma majaribio ya wataalamu kwenye magazeti? Husaidia, ila Waswahili walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2021 iligundulika kwamba baadhi ya watengenezaji walibadilisha chipu za ndani za SSD zilizokwisha kusifiwa, wakaacha jina la modeli lilelile, na kasi ya kuandika ikashuka. Mwaka mmoja kabla yake, wanunuzi wa diski za sahani walibaini kuwa baadhi zilitumia njia ya kupandanisha mistari ya data, inayopunguza kasi ya kuandika ovyo ovyo, na karatasi za maelezo hazikusema. Kipimo kinahusu kile kifaa kilichopimwa, siku ile. Kilichoingia stoo yako kipime mwenyewe.

Hoja ya 3: Wati haijasema kazi imegharimu nini

Wati ni mwendo wa kula umeme. Nishati iliyoliwa ni wati mara muda, na kizio chake ni jouli: wati 1 kwa sekunde 1. Tuandike ubaoni kazi moja, kusoma gigabaiti 100, kwa vifaa vitatu vyenye namba zinazokaribiana na zile za karatasi za watengenezaji.

Diski ya sahani: megabaiti 150 kwa sekunde, wati 7. Muda ni sekunde 667. Nishati ni jouli 4,667.

SSD ya SATA: megabaiti 500 kwa sekunde, wati 3. Muda ni sekunde 200. Nishati ni jouli 600.

SSD ya NVMe: megabaiti 3,000 kwa sekunde, wati 7. Muda ni sekunde 33. Nishati ni jouli 233.

Tazameni mstari wa kwanza na wa tatu. Wati zinalingana, nishati imepishana mara 20. Tazameni tena wa pili na wa tatu: chenye wati nyingi ndicho kilichotumia nishati ndogo. Anayechagua kwa kusoma wati kwenye lebo angechukua cha katikati na kujipongeza. Na hatujaihesabu kompyuta yenyewe. Kama sehemu nyingine zote zinakula wati 40 wakati zinasubiri diski, kungoja sekunde 667 ni jouli 26,680. Kungoja sekunde 33 ni jouli 1,320. Diski ya polepole humaliza umeme wa wenzake.

Kosa la kusahau hilo limewahi kufanywa hadharani. Mwaka 2008, SSD zilipokuwa ngeni, wachapishaji wa majaribio wa tovuti ya Tom's Hardware walitangaza kwamba SSD hazipunguzi matumizi ya umeme, kwa kuwa kompyuta mpakato zenye SSD ziliishiwa betri mapema. Wasomaji walikuja juu. Jaribio lililotumika lilikuwa la kurudia kazi bila kikomo: diski ilipokuwa na kasi, kichakataji hakikusubiri, kikafanya kazi nyingi zaidi katika muda uleule, betri ikaisha. Wachapishaji walirudi wakakiri kuwa hitimisho lao lilikosea. Saa za betri zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuhesabu kazi iliyofanyika.

Njia ya kuhesabu ilikuwa tayari imeoneshwa. Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata wa Marekani, alipendekeza mwaka 1985 kwamba mashine zishindanishwe kwa kupanga rekodi milioni 1 za baiti 100 kila moja. Mwaka 2007 Suzanne Rivoire na wenzake waliligeuza shindano hilo wakaliita JouleSort: idadi ya rekodi imewekwa, na anayeshinda ni aliyetumia jouli chache. Mashine waliyoiunda wenyewe ilikuwa na kichakataji cha kompyuta mpakato na diski 13 ndogo za kompyuta mpakato. Kwa kipimo cha jouli, iliyashinda madude ya seva yaliyokuwa yakitamba kwa kasi.

Hoja ya 4: Kusubiri kunakula kuliko kazi

Sasa nawaomba mnivumilie, kwa sababu hoja hii inaipunguzia nguvu ile iliyotangulia. Diski yetu ya sahani ilitumia jouli 4,667 kusoma gigabaiti 100. Ikiachwa inazunguka bila kazi kwa wati 5, siku nzima itakula jouli 432,000, zaidi ya mara 92 ya kazi ile. Diski inayosoma gigabaiti 100 kwa siku, kiasi ambacho ofisi ndogo haikifikii, inalipiwa umeme hasa kwa kuzunguka bure. Mwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, atanielewa: wati 6 kwa mwaka mzima ni yuniti 52.6, kwa diski moja.

Kwa walioko mbali na gridi hesabu ni kali zaidi. Maktaba ya shule inayotumia umeme wa jua ina seva ya diski nne za wati 6 kila moja: wati 24, yaani wati-saa 576 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na fundi mwadilifu atakuambia usitumie zaidi ya nusu, 600. Diski peke yake zimemaliza betri kabla hujawasha taa. SSD moja inayotosha vitabu na video zilezile, hata tukiihesabia wati 1 saa zote, ni wati-saa 24.

Kuna atakayesema: tuilaze diski, isimame isipotumika. Ni sawa, ila tupige hesabu. Kuianzisha upya kunataka kama wati 20 kwa sekunde 10, jouli 200. Ikilala inaokoa kama wati 4. Kwa hiyo usingizi wa zaidi ya sekunde 50 una faida ya umeme. Lakini diski nyingi za mezani zimetajwa na watengenezaji kuvumilia kuanza na kusimama mara 50,000. Ukiilaza na kuiamsha kila dakika 10, ni mara 144 kwa siku. Kabla mwaka haujaisha umeufikia ukomo huo. Na kila inapoamshwa, mtumiaji wa kwanza atasubiri hizo sekunde 10.

SSD hulala kwa urahisi zaidi. SATA ina hali ya usingizi mzito inayoshuka hadi miliwati chache, na NVMe ina ngazi kadhaa za usingizi. Tatizo ni kwamba usingizi huo hutegemea pia bodi ya kompyuta na mfumo endeshi. Kifaa kilekile kinachoshuka hadi miliwati 5 katika kompyuta mpakato kinaweza kubaki na wati nzima au zaidi katika kompyuta ya mezani ambayo mpangilio wake haukuruhusu kilale. Karatasi ya mtengenezaji haina kosa hapo. Waliofunga kompyuta hawakupima.

Hoja ya 5: Kipimo kizuri kinaweza kurudiwa na mtu mwingine

Mita ya ukutani, ile ya kuchomeka kwenye soketi, hupima kompyuta nzima pamoja na hasara ya pawa saplai. Inafaa kwa swali la bili. Haifai kulinganisha SSD mbili zilizopishana nusu wati. Kwa hilo, pima kwenye waya wa kifaa chenyewe: volti 5 na volti 12 kwa diski ya sahani, volti 3.3 kwa NVMe ya M.2, kwa kutumia kizuizi kidogo cha umeme chenye thamani inayojulikana, na kuchukua vipimo mara nyingi kwa sekunde, kwa sababu SSD hulala na kuamka haraka kuliko jicho linavyosoma mita. Kwa diski za nje, mita ndogo ya USB inatosha kuanzia.

Upande wa kasi, programu ya fio, iliyoandikwa na Jens Axboe wa Denmark, ni ya bure na inakuruhusu kusema kila kitu: ukubwa wa ombi, urefu wa foleni, kusoma kwa kuandika, muda wa jaribio. Iamuru ipite kando ya RAM, la sivyo utapima RAM ukiidhani diski. Tumia data isiyobanika. Vidhibiti vya SandForce, vilivyoenea miaka ya 2010, vilibana data kabla ya kuiandika, na jaribio la sifuri tupu liliwapa watu kasi ambayo picha zao hazikuiona kamwe.

Andika na mazingira. NVMe ikipata joto sana hujipunguzia kasi, na chumba cha nyuzi 32 hapa pwani hakiwezi kutoa matokeo ya maabara ya nyuzi 22. Mtetemo nao ni adui: mwaka 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia kelele diski za sahani, na mchoro wa muda wa kungoja ukaruka pale pale. Mnacheka, lakini seva ngapi zimepangwa ukuta mmoja na jenereta?

Taasisi kubwa zimeshakubaliana kuhusu njia. Baraza la Storage Performance Council liliongeza kipimo cha umeme kwenye jaribio lake la SPC-1. SNIA ina utaratibu uitwao Emerald unaotoa maombi kwa wati, megabaiti kwa wati, na pia gigabaiti kwa wati kifaa kikiwa kimekaa tu. Alama ya Energy Star ya Marekani kwa hifadhi za vituo vya data, iliyoanza Desemba 2013, inautumia. Nitawapa na kiasi, ili tusijidanganye: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na hifadhi ya data ilichukua takriban asilimia 5 ya fungu hilo. Mwenye kituo kikubwa atashughulikia vichakataji na viyoyozi kwanza. Mwenye betri moja na paneli mbili hana mpangilio huo; kwake diski inaweza kuwa mlaji mkuu.

Hitimisho

Ndugu mwenyekiti, muda unanitupa mkono, nami nimalize kwa kutazama mbele. SSD zinaongezeka ujazo, na NVMe za kizazi kipya zinakunywa wati zaidi kila toleo. Pengo kati ya namba ya tangazo na namba ya kazi litapanuka. Atakayelipima pengo hilo hapa kwetu, kwa joto letu na kwa kazi zetu, ni nani kama si sisi?

Kwa maofisa ugavi: katika zabuni ijayo, pale mnapoandika "kasi isiyopungua", ongezeni mistari miwili. Mmoja utaje kazi yenyewe: ukubwa wa ombi, urefu wa foleni, kifaa kikiwa kimejaa. Wa pili umtake muuzaji aoneshe wati wakati wa kazi hiyo na wati kifaa kikiwa kimetulia. Atakayeshindwa kujibu amejibu.

Kwa walimu wa vyuo: mita, kizuizi na programu ya bure vinapatikana kwa gharama ndogo, na mradi mmoja wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu unatosha kupima vifaa vilivyojaa madukani mwetu na kuchapisha matokeo pamoja na mipangilio yote, ili mwingine ayarudie.

Kwa mafundi wenzangu: anzeni na seva moja mliyo nayo. Rekodini kwa wiki moja inasoma kiasi gani, inaandika kiasi gani, na inakaa saa ngapi bila kazi. Baada ya hapo ndipo mwende dukani.